Mvumo Ndani ya Amplifaya ya Baba

Siku hizi Baba ana neno moja tu, na neno lenyewe ni "ndiyo". Ukimuuliza kama amelala vizuri, ndiyo. Ukimuuliza kama amelala vibaya, ndiyo. Daktari kule Malindi alisema kiharusi kimechukua maneno mengine yote pamoja na mkono wa kulia, lakini akili bado iko. Mimi naamini iko, kwa sababu macho yake hayakubali kila kitu.

Kabla ya kuugua alikuwa fundi wa redio hapa Garsen. Amplifaya yake aliiunda mwenyewe kabla sijazaliwa. Ni ya zamani, ya valvu, yaani vichupa vinne vya kioo ambavyo ndani vinawaka rangi ya kaa la moto, na transfoma nzito ambayo mtu mmoja akiibeba anahema. Kila siku saa kumi alikuwa anaiwasha, anangoja valvu zipate joto, halafu anaweka kaseti ya kwaya aliyoirekodi kanisani. Wengine saa hiyo wanakunywa chai. Yeye alikuwa na hiyo.

Aliporudi kutoka hospitali, kitu cha kwanza kilikuwa kuelekeza kidole cha kushoto kwa amplifaya. Alipokuwa hospitali mto ulifurika, majirani wakaipandisha juu ya mbao za paa, kwa hiyo ilipona. Niliishusha, nikaipangusa vumbi, nikaiwasha. Ikatoka nguuuu, mvumo mzito, na juu yake mlio mwembamba kama wa mbu. Kwaya ilikuwa huko nyuma kabisa, kama watu wanaoimba ndani ya pipa. Baba akageuza uso ukutani. Jioni hiyo hakula. Kesho yake alikula vijiko viwili. Ikawa hivyo siku nne, na shati lake likaanza kumpwaya.

Nilikuwa naona haya yote. Sikulia hospitalini, sikulia aliporudi. Mama aliniuliza mara moja kama niko sawa, nikasema niko sawa, na kusema kweli sikuwa nimeficha kitu. Hakukuwa na kitu.

Jumatano alikuja Baba mdogo kutoka Tarasaa, anakouza nafaka. Alisimama mlangoni akasikiliza.

"Hii ni redio au ni mashine ya posho?" akauliza. "Shemeji, lete mahindi tusage."

Mama alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Sasa nisikilizeni. Hii kelele ndiyo inamtesa mgonjwa. Jumamosi nakuja na gunia, naibeba, naiweka stoo kwangu. Nitamletea ile spika ndogo ya kuunganisha na simu."

"Ndiyo," Baba akasema.

"Si mmesikia? Amekubali."

Lakini mimi nilikuwa nimekaa upande wa mkono wake wa kushoto. Alikuwa ameshika ubao wa kitanda mpaka kucha zimegeuka nyeupe.

"Naweza kuitengeneza," nikasema. Nikarudia, maana mara ya kwanza hakuna aliyegeuka.

Baba mdogo akainama kunitazama kama mtu anayechungulia mtungini. "Eh! Kumbe huyu ana sauti! Haya, binti yangu, fundi wetu. Una mpaka Jumamosi. Ikinguruma hata kidogo, naibeba."

Nilijua ikienda stoo ya Tarasaa Baba ataacha hata vile vijiko viwili. Nilijua vile unavyojua jibu la hesabu, bila moyo kwenda mbio.

Alhamisi nilianza. Tuko likizo, kwa hiyo nilikuwa na siku nzima. Baba alinifundisha kwamba kelele haitafutwi. Unaondoa wasio na hatia mmoja mmoja, na atakayebaki ndiye. Nilichomoa chaja ya simu ya Mama, ile ya bei rahisi, na ule mlio wa mbu ukakatika pale pale. Mvumo ukabaki. Nikapunguza sauti mpaka sifuri, mvumo ukanyamaza, nikajua valvu za nyuma ni safi na uchafu unaingilia mbele. Nikazibadilishia nafasi valvu mbili za mbele. Hakuna tofauti. Nikasogeza waya ya kaseti mbali na transfoma, ukapungua kidogo sana, kiasi cha kujidanganya.

"Baba, ni hii valvu?"

"Ndiyo."

"Ama ni hii?"

"Ndiyo."

"Ama ni Mama?"

"Ndiyo."

"Wewe mtoto!" Mama akaita kutoka jikoni. "Usimchezee baba yako!"

Upande wa mdomo wake usiopooza ulisogea kidogo. Niliuona.

Ijumaa Mama alienda sokoni. Nilimkalisha Baba kwenye kiti nikakivuta mpaka mezani, amplifaya ikiwa imewaka na kunguruma. Nilikuwa nimeishiwa na washukiwa wa kuondoa. Alinitazama nikirudia yale yale ya jana. Kisha mkono wa kushoto ukainuka, polepole kama wa mtu aliye majini, ukashuka juu ya sanduku la chuma la amplifaya.

Mvumo ukapungua.

Akauondoa, mvumo ukarudi. Akauweka tena, ukapungua. Akanitazama, halafu akaelekeza kidole chini sakafuni.

Nikagusa lile sanduku kwa mgongo wa kidole. Lilikuwa linatekenya, kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Hapo nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Nikiwa darasa la saba alinieleza kwamba chuma cha amplifaya lazima kifungwe na ardhi. Kutoka kwenye soketi kuna waya ya kijani inayotoka nje, inazunguka ukuta, inaishia kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nyuma ya nyumba. Isipofungwa, stima iliyopotea inazurura ndani ya chuma, na spika inaiimba. Nadhani Baba alifikiri fimbo ilisombwa na maji.

Haikusombwa. Waya niliikata mimi.

Wakati wa mafuriko Mama alikuwa Malindi na Baba, na mimi niliachwa na jirani yetu, mama mzee Muorma. Nyuma ya nyumba yetu pameinuka, kwa hiyo ng'ombe wake walikuja kusimama pale, maji yakiwafika magotini. Aliiona ile shaba. Akaniambia, "Binti, hiyo ndiyo inateremsha stima majini. Itaniulia mifugo. Ikate." Nilitaka kumwambia sivyo inavyofanya kazi. Lakini ni mtu mzima, alikuwa ananilisha, na mimi kubishana na mtu kunanishinda hata kwa maandishi. Nikachukua koleo ya Baba ya kukatia waya, nikaikata waya pale inapoungana na fimbo. Stima yenyewe ilikuwa imepotea mji mzima wiki mbili. Kisha nikasahau, au niliiweka mahali pa vitu visivyoguswa.

"Baba," nikasema, nikitazama valvu. "Niliikata mimi. Jirani aliwahofia ng'ombe wake."

"Ndiyo," akasema.

Sikujua ni ndiyo ya aina gani. Akanyoosha mkono, akaisukuma koleo mezani kwa vidole mpaka ikafika kwangu.

Nilizima swichi kubwa, nikatoka na jembe. Mafuriko yaliacha tope lililokauka, na fimbo ilikuwa chini yake. Jirani akatokea na fimbo yake ya kuchungia.

"Unachimba nini? Umezika mtu?"

"Natafuta shaba."

"Ile ya kuua ng'ombe?"

"Haiui ng'ombe, mama. Inatulinda sisi."

"Nani kasema?"

"Baba."

Akakita fimbo yake chini. Anajua hali ya Baba, mji mzima unajua. "Haya," akasema. "Kama ni yeye kasema. Lakini ndama wangu nawatoa." Akawaswaga mpaka upande wa pili wa barabara, akasimama kule kuangalia kama nitakufa.

Nilimenya ncha za waya kwa kisu, nikaisugua shaba mpaka ikang'aa, nikafunga kwa kibano, nikakaza kwa nguvu zangu zote. Ardhi ilikuwa kavu, nikamwagia ndoo ya maji kama Baba alivyokuwa anafanya kiangazi. Nikarudi ndani, nikawasha, tukangoja joto.

Kimya. Niligusa sanduku, halitekenyi. Nikaweka kaseti. Zilisikika pumzi za waimbaji kabla hawajaanza, na benchi likilia, na sauti ya mwanamume akiwaambia, "Wa nyuma sogeeni, maiki haing'ati." Ilikuwa sauti ya Baba. Nilikuwa sijui imo humo. Mvumo ulikuwa umeifunika, na zamani sikuwa nasikiliza kwa sababu alikuwepo tu, anaongea.

Nilidhani sasa nitalia. Niliacha nafasi kabisa. Machozi hayakuja. Baba alikuwa amefumba macho na midomo inasogea, ila haitoi kitu.

Jumamosi Baba mdogo alifika na gunia begani. Kaseti ilikuwa imefika mwisho. Akasimama katikati ya chumba.

"Mbona mmeizima? Washeni nisikie."

"Imewaka," nikasema.

Akakaribia, akaona valvu, akaweka sikio kwenye spika kama daktari. Akakaa hivyo muda mrefu. "Aisee. Ilikuwa nini?"

Mama naye alikuwa anangoja jibu. Nikawaeleza yote, waya, ng'ombe, koleo, uso wangu ukiwa umeelekea ukutani.

"Yaani," Baba mdogo akasema, "ulikata waya ya stima wakati hakuna stima, kuokoa ng'ombe wasio wako?" Akacheka mpaka akakaa juu ya gunia lake. Mama hakucheka. Alinigusa kisogo, akaenda kupakua.

Ilikuwa wali na samaki wa mtoni. Baba alikula kwa mkono wa kushoto, nusu ya wali ikimwagika kifuani, na Mama alipotaka kumsaidia akausukuma mkono wake. Alimaliza. Akagonga sahani kwa kijiko, akaongezwa. Baba mdogo alikuwa anahesabu vijiko kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Mimi nilimtolea Baba miiba ya samaki, nikiitafuta kwa vidole mmoja mmoja, kisha nikageuza kaseti upande wa pili.