Mama Alisoma Halbadiri, na Mimi Namjua Aliyechukua Cherehani

Assalaam alaykum, admin na wote mnaosoma hapa. Jina langu lifiche, lakini Tabora iache, maana kisa hiki hakikutokea hewani. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita, mjane, naishi mtaa wa Ng'ambo na mama yangu mzazi aliyevuka themanini. Macho yake yamepungua, ila masikio bado mazima, na ulimi ndio kabisa. Nampenda, na kila siku namwogopa.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa msichana wa darasa la saba. Watu walikuwa wanahamishwa kutoka kwenye maboma yao wakapangwe kwenye vijiji vipya, na mjini kila kitu kilikuwa cha foleni. Sisi tulipona kwa cherehani ya mama, aliyopewa na baba yake alipoolewa. Alishona sare za shule, kanzu za Idi na viraka vya mtaa mzima. Baba yangu alikuwa seremala, mpole mno, hata kuku akiingia ndani alimwomba atoke.

Siku moja tulirudi kutoka msibani Kanyenye tukakuta cherehani haipo. Mlango haukuvunjwa. Mama alikaa chini palepale. Mimi kwa kiherehere changu nikasema kwamba nilipotumwa asubuhi kurudi kuchukua mkeka barazani, nilimwona jirani yetu anakata kona na baiskeli, amefunga mzigo mkubwa kwa gunia. Huyo jirani nimwite Mzee Juma, si jina lake. Sikudanganya, nilimwona kweli, lakini niliyasema kama vile nimemkamata.

Mzee Juma alipoulizwa akasema hajaiba. Alipoulizwa mzigo ulikuwa wa nini, akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikommaliza. Mama akatangaza mtaani kwamba aliyechukua arudishe, la sivyo inasomwa halbadiri. Kwa wasiojua, hicho ni kisomo cha kumshtakia Mungu mtu aliyekudhulumu, ili amwadhibu. Baba alimsihi asubiri, amwachie Mola. Mama akamjibu kwamba ndiyo anamwachia Mola hivyo, ila anataka awahi. Ijumaa ikasomwa, ubani ukafukizwa, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko watu wazima. Baba alikaa karibu na mlango, kichwa chini.

Mvua zilipochanganya, baba akaanza kuumwa. Tumbo likajaa maji, hospitali wakasema ini. Mimi ndiye niliyekuwa namlisha uji, na siku moja mama alipotoka akanishika mkono akaniambia cherehani aliichukua yeye. Shangazi, dada yake, alikuwa mjane, amehamishiwa kijiji kipya upande wa Uyui na watoto wake, hawana hata cha kuweka jikoni. Mama na wifi yake huyo walikuwa hawasemeshani, na baba akaona aibu kumwombea. Akampa Mzee Juma aipeleke kwa baiskeli, shangazi ashonee watu mpaka avune, halafu irudi kimyakimya. Akamwomba asimwambie mtu. Kisomo kikawahi kabla haijarudi, na baada ya hapo akashindwa kabisa kufungua mdomo.

"Usimwambie mama yako," akasema, "atadhani ameniua. Yeye alidai haki yake, na Mola ni mwenye haki. Lakini ana rehema pia, na mimi huko ndiko nilikokimbilia."

Alifariki kabla ya mavuno, na cherehani haikurudi. Mwanzoni nilinyamaza kwa kumtii, baadaye nikanyamaza kwa woga na mazoea. Watoto wa Mzee Juma waliitwa "watoto wa cherehani" shuleni, mbele yangu. Binti yake mmoja alikatiwa posa kwa ajili hiyo, nami nikapika kwenye harusi ya aliyeolewa badala yake. Naona aibu kuyaandika haya.

Mwezi uliopita Mzee Juma alizidiwa, akatuma mtu amwombe mama waombane radhi. Mama akajibu, "Mwambieni tutaonana mbele ya haki." Nilikwenda kwake peke yangu. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikaanza kulia hata kabla sijakaa. Sikuhitaji kumweleza, alijua kwamba najua.

"Baba yako aliniomba nisiseme, sikusema," akaniambia. "Mungu anajua, hilo linanitosha. Kinachoniuma ni mama yako. Mimi nimemsamehe, lakini bado ananishtaki. Asije akafika kwa Mola ananidai kitu ambacho sina."

Jamani, mtu aliyeitwa mwizi maisha yake yote anamhurumia aliyemwita hivyo.

Najua wengine mtaandika kwamba halbadiri ni bidaa, yaani uzushi katika dini, wengine kwamba baba aliuliwa na ini tu. Sawa, na mimi hujiambia hivyo, siku nyingine naamini na siku nyingine siamini. Ninachoshikilia ni neno la baba, kwamba Mola aliyeombwa haki ndiye huyohuyo mwenye rehema, na huenda ameibakiza kidogo hata kwangu niliyeitikia amina. Lakini nikimwambia mama, nitamfanya mjane mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Nikinyamaza, Mzee Juma atazikwa mwizi.

Leo asubuhi nilipokuwa namwogesha mama aliniuliza kama yule amekufa. Nikasema bado. Akasema, "Basi Mungu anampa muda atubu. Ana huruma sana Mungu." Nikashindwa kummwagia maji.

Nyie mnaosoma, wenye wazazi na wasio nao, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nimwambie, au nimwache aende na amani yake ya uongo? Nijibuni mapema. Jioni nampelekea Mzee Juma uji, na mama amesema atakuja nami, anataka akamtazame mwizi wake kwa mara ya mwisho.