Eda ya Mume Aliye Hai

Aliyeniambia kwamba mume wangu amekufa ni bibi mmoja nisiyemjua, na aliniambia kwa upole sana, kikombe cha kahawa mkononi. Aliitazama mikono yangu, nilikuwa nimetia hina nzuri siku hiyo, akaniinamia na kuninong'oneza, "Eda umeitoka lini, mwanangu?"

Nilidhani amenifananisha. Anayekaa eda ni mwanamke aliyefiwa, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila hina wala manukato. Mimi mume wangu alikuwa amenifokea asubuhi ile ile kwa sababu ya soksi. Nikamjibu kwamba sina eda yoyote. Bibi akanipigapiga mkono kama mtu anayemsamehe mwenzake kosa, akarudi kwenye kahawa yake.

Tulikuwa tumekusanyika katika ukumbi wa harusi pale Kisauni kwa sababu ya farasi.

Binti yangu ana miaka tisa na ana mtindio wa ubongo. Akili yake ni nzima, pengine ni nzima kuliko yangu. Ni mwili ndio usiomtii. Miguu yake hukaza na kupandana kama mkasi, na kumvisha suruali ni kazi ya watu wawili. Maneno anayo tele, ila kila moja hulivuta kutoka mbali, na anayetaka kumsikia lazima asubiri.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetuelekeza Shanzu, nyuma ya mahoteli, kwa mama mmoja wa bara anayefuga farasi watatu. Zamani farasi hao walikuwa wa kubeba watalii ufuoni na mabwana harusi wanaopenda makuu. Mama huyo alikuwa amesomea kuwapandisha watu wenye ulemavu kama tiba. Alinieleza kwamba farasi akitembea, mgongo wake huzichezesha nyonga za aliyempanda vile vile zinavyocheza za mtu anayetembea, na mtoto ambaye hajawahi kupiga hatua mwili wake hujifunza akiwa huko juu. Nilimsikiliza kwa adabu. Moyoni nilisema huyu naye anatafuta biashara.

Alitupa siku tatu za bure, sisi na watoto wengine watano. Siku ya kwanza walimpandisha binti yangu kutoka kwenye jukwaa la mbao, watu wawili wamemshika ubavuni, mmoja mbele na hatamu. Alilia na mimi nikamlaani mtaalamu wa viungo kimoyomoyo. Baada ya robo saa hivi nikaona magoti yake yameachana. Yalikuwa yameachana yenyewe, hakuna aliyeyavuta. Mimi si mtu wa kulia mbele za watu, lakini siku hiyo nililia mpaka mama wa farasi akaniletea kiti.

Siku tatu zikaisha. Farasi wanakula, wanaoshika wanataka ujira, kofia ngumu na matandiko ya watoto kama wetu hayapatikani ovyo. Mama wa farasi alisema wazi kwamba bila wa kumsaidia atarudi kwenye maharusi. Basi tukaamua kuchangisha, na shoga yangu akajitolea kutuongoza.

Huyu shoga yangu tulikaa jamvi moja katika chuo cha Kurani tukisoma alifu na bee. Ndiye aliyenipamba nilipoolewa. Daktari alipotuambia habari za mtoto, mume wangu alitoka nje kupokea simu, na mkono nilioushika ulikuwa wa shoga. Yeye hupika maharusini, kwa hiyo hakuna nyumba asiyoijua kuanzia Mtopanga mpaka Mji wa Kale, na ana maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni.

Mwanzo tulizunguka pamoja, na tulichekwa. Mwenye duka la vitambaa aliuliza, "Mtoto hatembei, mwataka akimbie?" Mwingine alisema farasi ni mchezo wa Wazungu, tumpeleke hospitali. Wa tatu alitaka kujua kama binti yangu atashinda kikombe. Huyo nilimjibu jibu ambalo siliandiki hapa, na shoga akanivuta kwa buibui mpaka barabarani.

"Weye kaa nyumbani, shoga," aliniambia. "Hasira zako zitanifukuzia watu. Niachie mimi."

Nikamwachia. Nikarudi kwenye mahamri na mbaazi zangu ninazouza asubuhi, na milango ikaanza kufunguka. Kila jioni ananipigia: fulani kakubali, fulani katoa turubai, familia moja kubwa ya Mji wa Kale imelainika. Nilijiambia kumbe tatizo lilikuwa mdomo wangu. Nilijisuta kweli kweli, nikaapa kujifunza upole.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Mume wangu aliniambia ameitwa zamu ya ghafla kule ghalani Changamwe anakofanya kazi, nami nikamfungia chakula. Wanawake tulikaa upande wetu na kaimati na kahawa, wanaume upande wa pili wa pazia, na ustadhi akasoma dua kwa kipaza sauti. Akawashukuru wahisani kwa kuwakumbuka mayatima hawa. Nikasikia neno yatima, nikadhani ni maneno ya ustadhi tu. Kisha akamtaja binti huyu wa kiti cha magurudumu, akamwombea marehemu baba yake apanuliwe kaburi na asamehewe makosa.

Ukumbi mzima ukaitikia amin. Na mimi nikaitikia amin.

Hilo huniuma hadi leo. Kinywa kimezoea, dua ikiombwa huitikia chenyewe, na neno lilikuwa limekwisha kutoka ndipo maana ikaniingia. Nilipogeuka, binti yangu alikuwa ananikodolea macho. Bibi wa kahawa alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Nilimkuta shoga jikoni nyuma ya ukumbi akipanga sambusa kwenye sinia.

"Umemuua mume wangu?"

"Teremsha sauti, shoga."

"Nakuuliza, umemuua mume wangu?"

Akaifunika sinia kwanza. "Nilisema yatima mara moja tu, kwa yule bibi wa Mji wa Kale aliyekaa karibu nawe. Nilipomwambia mtoto mlemavu hakushtuka. Nilipomwambia yatima alilia, akasema familia yake itawabeba wote sita mwaka mzima. Ungekuwa weye ungelirudisha neno hilo?"

"Ningelirudisha."

"Ungelirudisha, na mtoto angebaki kitandani." Kisha akanitazama kwa mshangao wa kweli, kwa sababu kuna kitu alikuwa ameanza kukiona usoni mwangu. "Kwani mumeo hakukwambia? Nilimuuliza kwanza, wallahi. Mimi siwezi kumzika mume wa mtu bila ruhusa yake. Alisema sawa. Alisema basi siku hiyo yeye asionekane."

Shoga nilimkasirikia papo hapo na kwa maneno mengi. Hasira za namna hiyo nazijua, huchemka zikamwagika. La mume wangu sikuwa na pa kuliweka. Nilisimama pale jikoni na hina yangu, nikakumbuka kile chakula nilichomfungia.

Katika tuktuk ya kurudi nyumbani binti yangu aliuliza kama baba amekufa. Nikamwambia la, baba yuko kazini, ustadhi amekosea. Tulifika karibu na nyumbani ndipo akamaliza jibu lake: "Ulisema... amin."

Mume wangu nilimsubiri mpaka kesho yake amalize kula mchana. Sikutaka aseme nimemuulizia njaani.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Ningesema nini? Ni kwa ajili ya mtoto."

"Ungesema uko hai."

Akacheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki akaanza kukusanya makombo ya wali kwa kidole, akayapanga ukingoni mwa sahani. "Wewe hujui," alisema. "Kule kazini hakuna anayejua kwamba nina mtoto wa vile. Nimechoka kuulizwa ilikuwaje, ni laana ya nani, mama yake alikula nini. Mtoto akiwa ni wa marehemu, haulizwi mtu."

Hapo ndipo nilipofahamu. Mimi nilidhani ameazimisha kifo chake kwa dakika chache, uongo wa kipumbavu kwa nia njema, ningemkaripia tukaendelea. Kumbe alikifurahia. Miaka tisa nimemtafutia visingizio kwa ndugu zangu, zamu nyingi, mgongo unamuuma, hana mazoea na watoto wadogo, na kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta mlango wa kutokea. Shoga yangu alimfungulia, tena kwa huruma. Nilijiona mjinga, na ujinga huo unachoma kuliko hasira.

Ungedhani nilikwenda mbio kusema ukweli. Sikwenda. Wiki nzima nilinyamaza, na Jumamosi iliyofuata binti yangu akapanda farasi kwa hisani ya marehemu baba yake. Siku hiyo, katika mzunguko wa tatu, mama wa farasi aliwaambia wale wa ubavuni watoe mikono. Binti yangu akakaa wima peke yake, shingo imesimama, hatua baada ya hatua, kutoka kwenye banda mpaka kwenye uzio. Aliponipita hakunitazama, alikuwa na kazi. Nilisema moyoni kwamba kwa hili naweza kuwa mjane hata miaka kumi.

Kando yangu alikuwa ameketi mama wa mtoto mwingine, mpole, mtu wa Likoni. Yeye alikuwa mjane kweli. Mumewe alianguka akiwa kazini, na aliyasimulia hayo kwa sauti ya mtu ambaye ameyasimulia mara nyingi na bado hajayazoea. Kisha akaniuliza, "Na wako, dada, alikwenda kwa nini?"

"Moyo," nikasema.

Akanishika bega. Akasema tuwaombee, mumewe na wangu pamoja, na akaanza kuomba pale pale kwenye benchi, farasi wakipita mbele yetu. Shoga alidanganya na mume wangu alikubali, lakini hilo la moyo nililitunga mimi mwenyewe, na sikuchukua hata muda kufikiri.

Jumatatu nilikwenda Mji wa Kale. Yule bibi wa kahawa alinipokea barazani kwake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaagiza chai. Nilisema ukweli kabla chai haijafika, maana nilijijua.

Akauliza, "Mumeo yu hai?"

"Yu hai, bibi."

"Na yuwajua aliombewa kaburi?"

"Yuwajua. Alikubali."

"Na weye?"

"Niliitikia amin."

Akatikisa kichwa taratibu. Nilitamani anitukane, ningejua la kufanya. "Sikiza, mwanangu," alisema. "Sikukasirikii. Lakini mimi na ndugu zangu niya tumeitia kwa mayatima, na haki ya yatima siwezi kuigeuza ikawa ya mwenye baba, hata kwa kumpenda. Walio mayatima kweli watapanda. Nyinyi wengine nitawatafutia mlango mwingine, inshallah."

Mayatima wa kweli walikuwa wawili kati ya sita. Shoga alikuwa amewafisha baba za wale wanne waliobaki, mume wangu akiwa mmoja wao, na hao watatu wengine sijui kama waliulizwa. Mama zao hawaniamkii tena. Wanasema nimewaharibia kwa wivu, kwamba nilitaka sifa ya ukweli kwa mgongo wa watoto. Shoga naye hajanipigia simu tangu siku hiyo, na mimi sijampigia. Nasikia anawaambia watu kwamba ukiwatendea wema watu wa nyumba ya fulani, hivi ndivyo watakavyokulipa. Mlango mwingine bado hatujauona. Namwamini bibi, lakini farasi hawamsubiri mtu, na magoti ya binti yangu yameanza kukaza tena.

Kumwambia binti yangu niliahirisha mpaka Ijumaa mchana, kwa sababu Jumamosi asubuhi angeanza kuulizia kofia yake. Alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni. Baba yake alikuwa ametoka msikitini, ameketi kwenye kochi na chai yake. Nikapiga magoti kando ya mkeka nikamwambia kwamba kesho hatuendi, na Jumamosi ijayo pia hatuendi. Akauliza kwa nini. Sikutaka kumdanganya tena, nikamwambia wanaopandishwa kwa sasa ni watoto waliofiwa na baba zao, na yeye baba yake yuko hai, nilikwenda kusema mwenyewe.

Akafikiri. Nikaona neno linaanza kuja, midomo inajipanga, shingo inakaza, mkono wa kulia unapanda wenyewe kama kawaida yake. Nikasubiri.

"Sema..."

"Niseme nini, mama?"

Likaja la pili, kisha la tatu, na kila moja lilimtoa jasho.

"Sema... amekufa... tena."

Alinitazama mimi tu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimekwenda kulikanusha. Baba yake alikuwa hatua tatu kutoka pale, kikombe mkononi, na aliyasikia yote.