Dirisha la Jikoni kwa Shosho

Wiki jana nilitoka kwangu Ruiru nikaenda Makongeni, Thika, kumpakia shosho, nyanya yangu, rangi jikoni. Saa nne asubuhi, jua limewaka huko nje, nikamkuta anamenya viazi chini ya balbu. Nje ya dirisha lake kulikuwa na ukuta wa mawe. Jirani amejenga gorofa ya kupangisha, akaibananisha na kwetu hadi huwezi kupitisha mkono katikati.

Nisikilize, maana hasira hii siwezi kuila peke yangu.

Jiko lile la mbao lilikuwa pango tulipokuwa watoto. Ulijua shosho yuko ndani kwa kikohozi chake na mlio wa mwiko kwenye sufuria. Kazi yetu ilikuwa kuchota maji na kupuliza moto hadi machozi yatutoke. Halafu likizo moja ya Aprili, mvua ikinyesha kila jioni, tukagundua mchwa wamekula ukuta wa upande wa mashariki. Fundi akaitwa asubuhi na mapema. Akang'oa mbao mbili zilizooza, na jua likaingia.

Sijui nikuelezeje. Moshi tuliouchukia ulianza kujikunja polepole, wa buluu. Masizi ya ukutani yaling'aa kama lami iliyonyeshewa. Mvuke wa githeri ulipanda ukiwa na rangi ya asali, na hata utando wa buibui ulimeta. Shosho, mwanamke ambaye hajawahi kukaa bure, alisimama na mwiko mkononi. Fundi aliposhika mbao mpya, akamzuia.

"Wee, ngoja! Usizibe."

"Mvua itaingia, shosho."

"Si uniwekee kioo? Miaka yote hii napika gizani na jua liko hapa tu nje!"

Kioo kikawekwa. Tangu siku hiyo kila mtu alitaka kukaa jikoni. Tulifanyia homuweki za shule pale, na jirani wa zamani, mama mmoja mshona sweta, alikuwa akileta sindano zake kwetu kila asubuhi.

Sasa wiki jana, nikianza kupaka, nikamuuliza shosho, huyu wa gorofa hakukwambia? Akasema alikuja, akanywa chai jikoni humo humo, akamwambia anainua kaukuta kadogo tu. Kaukuta! Nikatoka mbio na brashi bado mkononi. Nikamkuta jirani mwenyewe getini kwake.

"Umemfungia mama mzee dirisha," nikamwambia.

"Kwani hamna stima muwashe taa?" akanijibu. "Ploti ni yangu. Nimejenga hadi mpaka wangu."

Alisema bila hata aibu, kisha akarudi kwenye simu yake. Nikabaki nimesimama pale, rangi ikinidondokea viatuni. Mimi mwenyewe napanga Kiuu, huko huko Ruiru, nawasha taa mchana, na nilikuwa nikijifariji kwamba kwetu angalau kuna mahali jua linaingia.

Nilipaka kuta zile rangi nyeupe mara mbili. Chini ya balbu zikatoka kijivu. Nilipogeuka kumwonyesha, shosho hakuwepo. Nilimkuta nje ya geti, amekalia kigoda chake kando ya barabara, vumbi la pikipiki likimpita usoni. Alikuwa ameinamisha uteo wa maharagwe kuelekea jua, anachagua mawe.

"Rudi ndani, shosho," nikamwambia.

"Nikaone nini?" akasema.