Kitabu Kinatolewa Nje

Mama wa maktaba ya shule yetu hapa Kibiti hapokei kitabu kipya kimyakimya. Hukifukiza udi, hukifunika khanga, kisha hukipakata na kukitoa nje kama anavyotolewa mtoto mchanga siku yake ya arobaini, na vigelegele vyake hufika mpaka stendi. Juzi kililetwa kitabu cha watoto chenye nembo ya tuzo jaladani. Mwalimu mkuu akataka kifungiwe kwenye kabati la vioo, wageni wakione. Mama alikuwa ameshavuka nacho kizingiti.

"Mwalimu, huyu keshatolewa nje. Harudi ndani."

Akampa kitabu Rukaya wa darasa la tatu, mwenye vidole vyeusi kwa kubangua korosho. Mwalimu mkuu akafumba macho. Alipoyafumbua, nembo ilikuwa na alama ya dole gumba, na Rukaya alikuwa ukurasa wa pili, anacheka.