Nambari Isiyo na Nane

Harufu ya papa mkavu hunikumbusha hesabu hadi leo. Nyumbani kwetu Chundwa, madaftari ya wadogo zangu watatu yalikaa kabati moja na kitoweo, na nadhani walimu waliyasahihisha wakiwa wameziba pua.

Wazazi wetu walipofariki, mimi niliye mkubwa niliacha shule darasa la sita nikashika jembe. Lakini sheria niliiweka: mtu hali chakula mpaka nimekagua daftari lake. Nilikagua kwa uso uliokunjwa, hata yale nisiyoyajua. Kila magharibi nilihesabu pia ndara mlangoni, maana mama alizoea kusema watoto hawahesabiwi, huhesabiwa ndara zao. Ikipungua jozi, nilitoka kumtafuta mwenyewe.

Basi siku moja Mwanaisha, anayenifuata, akaleta hesabu: 12345679 mara tisa. Mimi na mazoea yangu ya kutafuta aliyekosekana, nikaona papo hapo kwamba nane haipo.

"Mwalimu wako kaisahau nane."

"Kaka, hiyo siyo ndia, siyo njia yake. Ndivyo alivyoandika."

"Mwalimu naye ni mwanadamu," nikasema, nikaichomeka nane kwa kalamu ya wino.

Kesho yake alirudi kutoka shule amevimba kama samaki bunju. Darasa zima lilipata jibu la kupendeza, yeye peke yake akapata jingine lenye mkia wa ajabu. Walimcheka.

"Kuanzia leo daftari langu usiliguse," akaniambia, akalikumbatia kifuani.

Nikaisukuma kando sahani yangu ya wali. Nisipokagua daftari lake, nilikuwa nani kwake?

Nikachukua kipande cha mkaa, nikaizidisha ile nambari sakafuni kama ilivyoandikwa, bila nane. Zikatoka moja tupu, tisa kwa safu. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Moja tupu. Mara kumi na nane: mbili tupu. Mara ishirini na saba: tatu tupu. Mwanaisha akajisogeza polepole, kama paka aliyesusa.

"Nimekosa mimi," nikamwambia. "Nane haikusahauliwa."

Akaninyang'anya mkaa. "Haya, tuizidishe kwa hiyo nane yako."

Ikatoka 98765432.

"Ee! Nane imerudi, sasa moja ndiyo imetoroka!" Akacheka mpaka wadogo wakaja mbio kutazama. "Kaka, kwa nini iwe hivi?"

"Sijui."

Sikuwahi kulitamka neno hilo mbele yao. Nikangoja kicheko. Mwanaisha akafuta sakafu kwa kiganja, akaanza kuandika tena. "Basi sogea, tuone."

Siku zile niliamini kwamba mkubwa aliyebaki lazima azibe kila pengo, na ajue yote ambayo baba angeyajua. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba Mwanaisha hakuwa akitafuta baba wa pili. Alitaka mtu wa kukaa naye sakafuni.