Mizani Huamka Mwisho

Kila msimu wa asali baba alinialika porini, na kila msimu nilimjibu kwamba siwezi kuiacha kompyuta. Alikuwa akicheka. "Wenzako wanafuata nyuki wanakula asali," alisema, "wewe unafuata nyaya." Mwaka huu hakucheka. Magoti yameanza kumkatalia, na akaniambia wazi kwamba huenda hii ikawa safari yake ya mwisho kulala kambini. Nikasema nitakuja, kabla sijafikiria nitakujaje.

Ninafanya kazi Ipole, kwenye kituo cha kupokea asali cha kikundi cha warina, wavunaji wa asali ya msituni. Warina wanatoka msituni na ndoo zao, mama mmoja anapima, na uzito unaingia wenyewe kwenye kompyuta kupitia waya wa mizani. Kompyuta hiyo inaendeshwa na Linux, mfumo wa bure tunaoupenda mafundi. Ni kuukuu, niliifufua mwenyewe kwa vipuri vya kuokoteza Tabora mjini, na ninaipenda kuliko inavyostahili. Shida ni umeme wa huku. Ukikatika na kurudi, kompyuta inawaka yenyewe, lakini programu ya kupimia ilikuwa lazima niiwashe kwa mkono wangu. Nisipokuwepo, watu wanakaa juu ya ndoo wakinisubiri. Ndiyo maana sikuwa mtu wa kwenda popote.

Dawa ilikuwepo. Ndani ya mashine za aina hii kuna programu moja inayoamka kabla ya zote, na mashine yenyewe inaihesabu namba moja. Ndiyo inayoziamsha nyingine kwa zamu, inazichunga, inayoanguka inaiinua, na ile ambayo programu iliyoianzisha imekufa inailea. Mafundi hatuishi kuisema vibaya na kubishana ipi ni bora, lakini mimi kazi yake naiheshimu. Hakuna nyumba inayokwenda bila mtu wa namna hiyo. Nikaiandikia maagizo mafupi: mashine ikiwaka, amsha na programu ya kupimia, ikianguka, iinue.

Jumapili, kituo kikiwa kitupu, nilichomoa umeme na kuurudisha mpaka nikachoka. Kila mara programu iliinuka bila mimi kugusa kitu. Nilifurahi mno, nikajiona fundi kwelikweli. Nikampigia baba nikamwambia afunge na shuka langu.

Jumatatu nilikuwa dukani nanunua betri za tochi umeme ulipokatika na kurudi. Simu ikaita. Alikuwa mama wa mizani.

"Fundi, kompyuta imekataa."

"Imekataa nini?"

"Imekataa kupima. Imewaka, lakini imekaa tu, inatutazama."

Nilirudi na hasira zangu zote. Nikasoma taarifa ambazo mashine hujiandikia: programu ya kupimia iliamshwa, ikaitafuta mizani, ikaikosa, ikaanguka. Ikainuliwa, ikaanguka tena, na tena, mpaka namba moja ikachoka nayo na kuiacha chini. Wala haikukosea. Kitu kinachoanguka kila kikisimama, mtu mwenye akili hakiinui milele. Lakini mizani ilikuwa imekwenda wapi?

Umeme ukakatika tena mbele ya macho yangu, nikaona. Mama alichomoa waya wa mizani, maana huku kila mtu anajua umeme ukirudi unarudi na nguvu. Akaifuta sinia ya mizani kwa kitambaa. Umeme uliporudi, kompyuta ikawaka, lakini yeye hakuwa na haraka. Alimwita mrina wa mbele kwenye foleni, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, kisha mrina akainama akaitazama sinia tupu, akapitisha kiganja juu yake na chini yake. Alipotikisa kichwa kukubali ndipo mama akaichomeka mizani na kuiwasha. Ndivyo wanavyofanya hapo tangu kikundi kianze, nami nilikuwa nikipita kila siku bila kuangalia. Jumapili yangu mizani ilikuwa imechomekwa muda wote.

"Mama, si uwashe mizani kwanza?" nikamaka. "Hayo mengine yatafuata!"

Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu, nikiiwasha hawajaiona tupu, nani atazikubali kilo zangu?"

Foleni nzima ilinitazama. Mrina mmoja akaniambia kwa upole kwamba kama kompyuta ina haraka, ikapime yenyewe. Walicheka, nami nikacheka, ingawa moyoni nilikuwa nikiiona safari inanitoka.

Nikakaa chini nikafikiri upya. Kwa nini programu iamshwe pamoja na mashine? Nikafuta agizo langu na kuandika jingine: usiiamshe programu ya kupimia mashine ikiwaka, iamshe mizani ikionekana. Namba moja inaliweza hilo, inajua kila kinachochomekwa. Kisha nikamwomba mama afanye mambo yake yote kama kawaida, na habari za nyumbani asizifupishe. Nikazima, nikawasha. Waliongea mpaka ya mahindi. Kompyuta ilikaa kimya. Mrina akatikisa kichwa, mizani ikawashwa, na programu ikaamka papo hapo.

"Kumbe ilikuwa inataka kusubiri tu," mama akasema, akaita ndoo ya kwanza.

Baba na mimi tuliondoka Alhamisi. Kambini hakuna mtandao, na siku ya kwanza mkono wangu ulikwenda mfukoni mara nyingi bila sababu. Baba alikuwa akiniona.

"Huko kwenye mashine umemwacha nani?"

"Hakuna mtu, baba. Inajichunga."

"Hakuna atakayekuita?"

"Hapana."

"Basi kesho twende mbali."

Tulikwenda polepole kwa ajili ya magoti yake, mpaka kwenye miti ambayo sikuwahi kuifikia. Akanyoosha kidole. Juu ya mninga ulitundikwa mzinga wa gogo, mkavu, wa miaka, na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka. Umechomwa alama ya ukoo wetu, na chini yake mstari mmoja, alama yangu. Aliutundika nilipoanza kazi kituoni.

Nikamuuliza kwa nini hakuurina miaka yote hiyo. Alishangaa, tena kwa dhati.

"Mzinga wa mtu haufunguliwi mwenyewe hayupo," alisema, akanipa kamba ya kupandia.