Breki ya Mkono ya Pikapu ya Baba

Baba aliinunua ile pikapu alipokuwa bado karani wa serikali, mimi, binti yake, nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Alipostaafu na kuhamia nyumba aliyojenga Musaga, mtaa wa Bujumbura, alikataa kuiuza. Rangi yake ya bluu ilikuwa imepauka na milango ilifungwa kwa kubamizwa, lakini injini iliwaka kila asubuhi bila kubembelezwa, na baba aliona hiyo inatosha. Nilipoanza biashara ya kukodisha viti na mahema ya harusi, akanipa ufunguo. Hakunipa gari, alisema, alinipa ruhusa.

Shida ilikuwa breki za nyuma. Zilikuwa za ngoma, zile za zamani ambazo vipande viwili hutanuka ndani ya chuma cha duara ili kuzuia gurudumu. Maji ya mvua yakiingia mle ndani, unakanyaga breki na gari linaendelea na safari yake. Siku moja nilikuwa nateremka kutoka milimani na viti mia moja na hamsini mgongoni, mvua ikinyesha, na nilifika kwenye kona ya mwisho nimesimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili. Ndipo nikaenda kwa fundi.

Fundi huyo lazima nimweleze vizuri, maana nimemkosea. Alikuwa Mkongomani wa Uvira, alikuja Bujumbura akiwa kijana wakati wa vita vya kwao, akapata kazi katika gereji moja ya uwanjani kule mtaa wa Ngagara. Yeye ndiye aliyeishika pikapu ya baba tangu siku za mwanzo. Urafiki wao ulianzia kwenye injini, ukaishia mezani. Kila Jumapili baada ya misa alipanda hadi kwetu, wakakaa barazani na bia moja moja, wakizungumza mpaka jua linashuka. Baba alichanganya Kirundi na Kifaransa, yeye akajibu kwa Kiswahili chake cha Uvira, na hawakuwahi kuulizana maana ya neno. Kiswahili ninachosema mimi kwa sehemu kubwa nilikiokota kwake. Aliniita mutoto yangu tangu nikiwa na meno ya utoto.

Nilimwambia nataka breki za diski nyuma, kama za mbele, lakini sina uwezo wa kuagiza vifaa vipya. Akacheka, akasema gari kuukuu huvalishwa nguo za marehemu. Wiki ile alizunguka kwenye magari mabovu, akapata diski mbili za mbele za gari lililogongwa, zikiwa bado nene, pamoja na zile koleo zinazozibana, ambazo mafundi wetu huziita etriye. Matundu ya diski hayakulingana na ekseli yetu. Akazipeleka kwa mtu wa kuchonga vyuma, zikatobolewa upya. Alikata kipande cha karatasi ngumu kwanza, akakijaribisha kwenye ekseli mara nne au tano, akakipunguza kwa mkasi kama mshonaji, na kilipokaa sawa ndipo akakata chuma kizito kwa kipimo hicho, ili etriye zipate pa kushikwa. Alinionyesha pia ndani ya pampu ya breki kijivali kidogo kinachobakiza mgandamizo kwenye mabomba, kilichowekwa kwa ajili ya ngoma. Kikiachwa, alisema, diski zitabanwa hata usipokanyaga, zitaungua. Akakitoa. Kazi ile ilikuwa safi, hilo nataka lijulikane. Nilipoijaribu barabarani siku ya Ijumaa, pikapu ilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake.

Lakini haikuwa imekwisha. Breki ya mkono ilikuwa inavuta vile vipande vya ndani ya ngoma, na ngoma hazikuwepo tena. Etriye za mbele za magari mengi hazina mahali pa kufunga waya wa breki ya mkono. Fundi alikuwa amewaza jambo hilo tangu mwanzo. Alihitaji etriye nyingine mbili ndogo, za aina yenye mkono wake wenyewe wa kuvutwa na waya, azifunge upande wa pili wa diski. Moja alikuwa nayo. Ya pili ilikuwa Uvira, ingevuka mpaka Jumatatu.

Kesho yake nilikuwa na harusi milimani. Mahema matatu, viti mia mbili, na bwana harusi aliyekwisha kunipigia simu mara tatu.

"Mutoto yangu, hii gari isitoke," fundi akasema. "Breki ya mukono haiko. Acha mpaka lundi."

Nikamwambia haiwezekani kungoja Jumatatu. Tulibishana, yeye kwa upole, mimi kwa sauti. Mwishowe akashusha mabega.

"Kama unaibeba, usiisimamishe mu mulima hata dakika moja bila mawe ku magurudumu. Na umwambie muzee. Unasikia? Umwambie muzee."

"Nitamwambia, papa." Nilimwita hivyo kama nilivyomwita baba yangu.

Sikumwambia. Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile, lakini ya kweli ni moja: nilijua baba akisikia hakuna breki ya mkono ataninyang'anya ufunguo, na harusi ingenipita. Nikaona nitakaa kimya siku mbili tu.

Harusi ilikwenda salama. Nilirudi Musaga Jumamosi jioni, nikaiegesha pikapu uani kwa baba, penye mteremko unaoshuka hadi getini, nikaitia gia na kuweka mawe mawili makubwa. Asubuhi nilikwenda misa ya kwanza. Baba hakwenda, alisema goti linamsumbua.

Alipoachwa peke yake aliona viti bado viko juu ya gari na kivuli kimehama, akataka kunisaidia kuitoa nje ya geti, penye kivuli. Alichukua ufunguo mezani, akaondoa mawe. Aliisogeza kidogo, akaitoa kwenye gia, akavuta breki ya mkono kama alivyoivuta maisha yake yote. Na wenzo ulipanda, ukakaza, kwa sababu fundi alikuwa ameufunga ule waya kwenye chuma cha chini ili usiburuzike njiani. Baba akashuka kwenda kufungua geti. Pikapu ikamfuata. Ilimbana mguu wa kushoto kwenye nguzo ya geti.

Jirani ndiye aliyenipigia simu, nikiwa bado natoka kanisani. Nilipofika walikuwa wamemtoa, wamemlaza juu ya mkeka, uso wake una rangi ya jivu. Halii, anauliza tu kama viti vimevunjika.

Hospitalini walituambia mfupa wa muundi umevunjika mahali pawili na kifundo kimepondeka. Kaka yangu mkubwa alikuja akitokea Kibenga anakoishi, akauliza imekuwaje. Baba akamjibu mbele yangu kwamba alivuta breki ya mkono, ilipanda, ilikaza, na bado gari likaondoka. Kaka akauliza nani ameligusa mwisho. Baba akafumba macho, akamtaja fundi. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya maji. Ile ilikuwa nafasi yangu ya kwanza, nikaiacha ipite nikisema moyoni kwamba baba ana maumivu, si wakati wake.

Nafasi ya pili ilikuja Jumatatu. Kaka aliniambia nifuatane naye Ngagara. Tulimkuta fundi amesimama kwenye meza yake ya kazi, mkononi ana ile etriye ya pili iliyofika asubuhi ile kutoka Uvira, anaisafisha kwa petroli. Alidhani nimeleta gari. Kaka alianza kufoka kabla hajasalimiwa. Alisema Wakongomani wanakuja kujifunzia kazi kwenye roho za watu, na maneno mengine ambayo sitayarudia. Mwenye gereji alitoka, wateja wakakusanyika. Fundi alisikia tu kwamba muzee amevunjika mguu, akageukia upande wangu.

"Mutoto yangu," akasema, "mi nilikuambia nini vendredi?"

Watu wote wakanitazama, wakingoja niseme aliniambia nini Ijumaa. Kaka naye akanitazama.

"Sikumbuki," nikasema.

Hakuniita mwongo. Aliniangalia kidogo tu, kama mtu anayesoma saa, kisha akaiweka ile etriye juu ya meza na kufuta mikono. Mwenye gereji alimwamuru akusanye vyombo vyake siku ileile, hataki fundi wa kumharibia jina. Tulipokuwa tunaondoka alikuwa anapanga spana zake kwenye gunia.

Baba alikaa miezi minne ndani. Siku zote zilikuwa ngumu, ila Jumapili ndizo zilizonimaliza. Alikuwa anasogezwa barazani, mguu juu ya kigoda, na baada ya muda unamwona anatazama geti. Fundi alikuja mara moja, wiki ya pili. Nilikuwa jikoni, nikaisikia sauti yake akiomba kumwona muzee, na sauti ya kaka ikimwambia asikanyage tena pale. Niliendelea kukatakata lengalenga. Baba alikuwa amelala, hakujua. Nilizichemsha mboga zile mpaka zikawa uji.

Alipoanza kutembea kwa fimbo, Jumapili moja akaniambia, bila hasira, kwamba kitu kinachomuuma kuliko mguu ni jinsi alivyokula na mtu kwa miaka ishirini na zaidi, na mtu huyo hakuja hata kumtazama. Akasema pengine hatumjui mtu kabisa.

Nilikuwa namkunjia shuka. Nikaiweka chini.

"Papa, alikuja. Kaka alimrudisha getini, na mimi nilisikia."

Akanitazama.

"Na breki ya mkono haikuwepo. Aliniambia. Alitaka gari libaki mpaka Jumatatu, nikakataa kwa ajili ya harusi. Alinituma nikuambie, sikukuambia."

Aliniomba nirudie. Nikarudia yote, safari hii polepole. Alipouliza nilisema nini pale gereji, nilimwambia. Hakunipigia kelele, baba yangu si mtu wa kelele. Alisugua kichwa cha fimbo kwa kidole gumba.

"Nipe shati langu," akasema.

Wiki ile mafuta yalikuwa hayapatikani, pikapu ilikuwa haina hata tone. Tulikodi teksi kwa bei ghali, baba amekaa mbele na mguu wake ulionyooka. Gerejini Ngagara walituambia mtu tunayemtafuta yuko Kibenga, mtaa uleule wa kaka, kando ya barabara, anatengeneza baiskeli na majenereta. Tulimkuta chini ya mabati mawili yaliyoegemezwa ukutani. Alikuwa amekonda. Alipomwona baba akishuka kwa shida, aliacha kila kitu akaja kumshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kimoja tu alichokuwa nacho. Wakashikana mikono muda mrefu, wakiulizana habari za nyumbani kana kwamba ni jana tu. Baba alimwomba msamaha kwa kuamini alichoamini.

Kisha baba akanitazama, nikajua ni zamu yangu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikaishia kusema machache: kwamba nilidanganya, na kwamba naomba msamaha.

"Ile siku, ulikuwa unakumbuka?" fundi akauliza.

"Nilikuwa nakumbuka."

"Nilijua." Akaokota mnyororo wa baiskeli chini, akaukunja mkononi. "Kwa kazi, mi sina hasira. Kazi iko fasi yote, hata hapa. Lakini batoto yangu walisikia watu mu kartiye, majirani, wanasema papa yao alivunja mutu muguu. Ile, we utaitoa namna gani?"

Alirudi kumuuliza baba kama mguu unamuuma wakati wa baridi.

Siku hizi huja tena Musaga, si kila Jumapili. Breki ya mkono aliimalizia mwenyewe uani kwetu kwa siku mbili, na kila hatua alimweleza baba aliyekaa karibu naye kwenye kigoda. Mimi niliwaletea chai. Alinishukuru kwa adabu, akaniita madame, si mutoto yangu.

Kaka nilimwambia siku ileile tuliyotoka Kibenga. Akasema basi mambo yamekwisha, tusiyachokonoe. Hajaenda kumwona fundi. Nilikwenda mwenyewe kwa mwenye gereji nikamweleza mbele ya mafundi wake. Alinisikiliza, akasema ni vizuri nimesema, ila meza ile imeshapata mtu mwingine.

Mwezi uliopita nilikuwa napanga viti kwenye sherehe ya mahari hapo Musaga. Mama mmoja nisiyemfahamu alikuwa akimwonya mwenzake asipeleke gari lake kwa mafundi wa kutoka ng'ambo ya mpaka, maana kuna mzee wa mtaa huu aliyenusurika kufa kwa sababu ya mmoja wao. Niliweka chini viti nilivyobeba. Nikamwambia mzee huyo ni baba yangu, fundi hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu, na nikamsimulia lilivyotokea. Alinisikiliza kwa heshima, akatikisa kichwa, akasema pole. Nilipopita tena na mzigo mwingine nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba hata hivyo, na wale watu lazima mtu ajihadhari.